Mkunga wa Kilibula

Tangazo lilisomwa Jumatatu asubuhi, mbele ya kituo cha afya cha Kilibula, mjini Uvira, kwa kipaza sauti kilichokuwa kikikohoa kuliko wagonjwa. Lilisema kwamba kuanzia siku hiyo, kwa juhudi zisizo na mfano za Divisheni ya Ustawi wa Kata, na kwa uongozi wenye upeo wa Mkurugenzi wake, Bwana Clovis Itangishaka, akina mama wa Kilibula wamepata mkunga. Si mkunga wa kuazima, wala wa kupita tu kama wale wa mashirika, wanaokuja na fulana na kuondoka na picha. Ni mkunga wao wenyewe, wa kudumu, aliyekuja na makazi yake.

Akina mama wakapiga vigelegele. Kwaya ya parokia ikaimba wimbo wa shukrani, beti zote. Nyuma ya Mkurugenzi alisimama Libérat Nsengiyumva, mkuu wa biro, yaani wa ofisi, katika Divisheni hiyo, ndani ya koti lake la harusi. Alikuwa akimtafuta mkewe kwa macho. Bernardine alikuwa mstari wa mbele, mimba imemtangulia, mikono ameiweka juu ya tumbo. Yeye hakupiga kigelegele chochote. Alikuwa anaitazama pikapu ya Divisheni. Juu ya pikapu palikuwa na kitu kikubwa cha pembe nne, kimefunikwa kwa kitenge kipya, nacho kilikuwa kinavuja.

Mkurugenzi akakivuta kitenge.

Lilikuwa sanduku la kioo, lile ambalo matajiri huweka sebuleni na kuliita akwariamu. Ndani ya maji alikuwamo kiumbe mrefu kama mkono wa mtu mzima, rangi ya matope, madoa ya manjano mwili mzima, hana magamba. Alikuwa anafungua mdomo na kuufunga, anafungua na kuufunga, kama mtu anayetaka kuchangia hoja lakini mwenyekiti hampi nafasi. Kila alipoufungua, meno yalionekana.

Uwanja ukanyamaza. Hata kipaza sauti kiliacha kukohoa.

"Ile ni nyoka," akasema mama mmoja.

"Ni samaki," akajibu Libérat, kwa sababu ufafanuzi ulikuwa sehemu ya kazi yake.

"Njo huyu atatuzalisha?"

Hilo halikuwa katika sehemu ya kazi yake. Akaigeukia kwaya, nayo ikaanza upya ubeti wa kwanza.

Ni vizuri ieleweke kwamba hakuna aliyezembea. Kila kitu kilifuata utaratibu. Wanawake wa Kilibula walikuwa wameomba mzalishaji, na Libérat ndiye aliyelifikisha ombi hilo Divisheni kwa mdomo wake, akalisukuma kuliko ombi lingine lolote. Alikuwa na sababu. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa juu ya pikipiki, kwenye barabara ya kwenda hospitali kuu, na hakulia. Tangu hapo Libérat hakuwahi kupanda pikipiki tena. Kwenda kazini alitembea.

Mkurugenzi alilipokea ombi kwa moyo mkunjufu, ila lugha yake ilimchoma sikio.

"Mzalishaji?" alisema. "Hilo ni neno la sokoni, Libérat. Serikali inaongea Kiswahili cha vitabu. Tutaomba mkunga."

Wakaomba mkunga. Ombi likapanda ngazi, likafika kwa mtu wa manunuzi, kijana mwenye bidii, naye akafungua kamusi. Kamusi ilimwambia kwamba mkunga ni mtu anayewasaidia wanawake kujifungua. Ikamwambia pia kwamba mkunga ni samaki mrefu wa baharini mwenye umbo la nyoka. Kati ya hao wawili kijana akamchagua yule asiyedai mshahara. Akampata kwa mfanyabiashara mmoja wa Bujumbura aitwaye Toussaint, anayewauzia wageni samaki wa rangirangi wa ziwa letu ili wakawatazame huko kwao. Toussaint alikuwa amekaa na mkunga wake muda mrefu bila mteja. Alimsifu kuwa mkunga adimu, wa maji baridi, asiye na makuu.

Jioni ya siku ya tangazo Libérat aliingia ofisini kwa Mkurugenzi akiwa ameishika kofia kwa mikono miwili.

"Mkurugenzi, nadhani kumetokea hali ya kutoelewana."

"Wapi?"

"Kwenye mkunga."

Clovis Itangishaka alikuwa mtu mnene, mtaratibu, mwenye sauti ya kuombea chakula. Akaegemea kiti. "Tuliomba nini?"

"Mkunga."

"Tumeletewa nini?"

"Mkunga."

"Basi nionyeshe kosa lilipo."

Libérat alilitafuta kosa kwa moyo wake wote. Kisarufi, halikuwapo.

"Tena tangazo limeshasomwa," Mkurugenzi akaongeza. "Kwaya imeimba. Unaweza kuurudisha wimbo kooni? Huwezi. Nafasi imejazwa. Kuanzia kesho wewe ni Msimamizi wa Mkunga. Hongera sana."

Wakamweka mkunga katika chumba cha kuzalia, kwa kuwa ndicho peke yake chenye umeme wa jua, na pampu ya akwariamu haiwezi kukaa bila umeme. Kitanda cha wazazi kilisukumwa mpaka ukutani ili mkunga apate nafasi. Mlangoni pakabandikwa kibao: OFISI YA MKUNGA, BISHA HODI.

Siku ya pili Mkurugenzi alikumbuka kwamba mkunga ni wa maji baridi, akaamuru iletwe barafu kutoka kwa wauza samaki wa soko la Kimanga. Libérat akaimwaga ndani, vipande vikaelea. Mkunga akajikunja, akawa mgumu kama ufagio. Libérat akampigia simu Toussaint huku akichota barafu kwa sufuria.

"Maji baridi maana yake maji yasiyo na chumvi, ndugu yangu!" Toussaint akapiga kelele. "Maji ya ziwa! Munataka kumuua?"

Barafu ikatolewa. Katika taarifa yake kwa Mkurugenzi, Libérat alisema kwamba mkunga amepitia mafunzo ya awali ya kuzoea mazingira.

Mtu wa kwanza kubisha hodi kwenye ofisi hiyo alikuwa Ninahazwe. Huyu ni mwanamke aliyesomea uzalishaji, akafanya kazi hospitali mpaka mishahara ilipokatika, akarudi nyumbani Kilibula. Nusu ya watoto wa mtaa walipokelewa na mikono yake, bila cheo na bila karatasi ya kazi. Alikuwa amesikia kwamba nafasi aliyoingoja imefunguliwa.

"Nafasi imejazwa, mama," Libérat akamwambia.

"Na nani?"

Libérat akaonyesha kwa kidole. Ninahazwe akamtazama mkunga, mkunga naye akamtazama, mdomo wazi.

"Alisomea wapi?"

"Upande wa baharini."

Ninahazwe akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekiri kwamba ameshindwa kwa sifa. Libérat ikambidi amweleze na lile jingine, kwamba watu wawili hawawezi kukalia nafasi moja, kwa hiyo Mkurugenzi amemkataza kuzalishia tena katika chumba kile. Alilisema akiangalia viatu vyake.

"Na bibi yako yuko karibu," Ninahazwe akasema. "Atazalia wapi?"

"Jambo hilo linashughulikiwa."

"Na nani?"

Libérat hakuonyesha tena kwa kidole.

Mkunga hakula. Aliwekewa ndagala wabichi, wale dagaa wa ziwani, akawapuuza. Alikatiwa nyama ya mbuzi, ikaoza sakafuni mwa tangi. Alikuwa amejiingiza katika kipande cha bomba walichomwekea, ametoa kichwa tu, macho yameanza kuwa na ukungu. Ngozi yake ilitoa utelezi mweupe kama maji ya mchele. Libérat, ambaye mwanzoni alimwogopa, sasa alikuja mapema kuliko ilivyotakiwa, akamkuta palepale, akifungua na kufunga mdomo. Wakati mwingine alimsalimia. Hakuna aliyemwamuru kufanya hivyo.

Akampigia tena Toussaint. Safari hii mfanyabiashara alizungukazunguka, akauliza hali ya hewa ya Uvira, akauliza habari za mvua, mwisho akasema ukweli. Mkunga wa maji matupu hayupo duniani. Huyu ni wa pale mto unapoingia baharini, maji chumvichumvi. Katika maji ya ziwa ataishi kidogo, atakataa chakula, atanyauka. Wauzaji wote wanalijua jambo hilo, wanunuzi ndio huwa hawaulizi.

"Basi anataka chumvi," Libérat akasema.

"Anataka chumvi. Lakini minye sikusema."

Libérat akalipeleka ombi la chumvi Divisheni. Mkurugenzi alisimama kabisa.

"Chumvi? Hapa? Libérat, tuna ziwa ambalo wazungu wanavuka bahari kuja kulionja. Maji matamu, maji ya taifa. Wewe unataka kuyatia chumvi? Watu watasema maji ya Uvira hayamtoshi hata samaki."

"Hajala tangu afike, Mkurugenzi."

"Hajala?"

"Hata kidogo."

Clovis akaketi, uso umelainika. "Hana chakula, na bado anakwenda kazini kila siku. Huyo sasa ni mtumishi wa serikali kamili. Walimu wetu, mishahara ilipokatika, walilalamika?"

"Walilalamika sana."

"Walipewa chumvi?"

Hawakupewa. Libérat akarudi Kilibula kwa miguu, akiwa amejibiwa kikamilifu.

Nyumbani alimkuta Bernardine ameketi kwenye kigoda, miguu imevimba, anapanga samaki wa kukausha kwa ajili ya meza yake ya sokoni. Alimwangalia mumewe akila, kisha akamwangalia akiacha kula.

"Ni nini tena?"

"Mkunga anakufa."

"Minye niko na mimba ya kufika, bwana yangu iko nalilia samaki," akasema, si kwa hasira. "Anaumwa nini?"

"Amekosa chumvi. Mkurugenzi amekataa."

"Chumvi iko. Ile ya mawe, gunia liko nyuma ya mlango. Kinachokosa ni bwana."

Libérat akainamisha kichwa. Bernardine akaendelea kupanga samaki. Akasema, "Ule samaki hakuomba kazi. Walimutoa kwao, bakamuweka mu chumba chetu, bakamuita jina la muntu mwingine. Hana makosa. Weye je, weye ulitolewa wapi?"

"Bernardine."

"Nakuuliza tu. Siku nitakaposhikwa, minye nitakuya pale ku mlango ile. Sitapanda pikipiki. Weye utakuwa umesimama pale na koti yako. Utaniambia nini? Nafasi imejazwa?"

Kesho yake mkuu wa biro alipita barabara ya Kilibula akiwa amebeba mfuko ndani ya koti la harusi, na alitembea kama mtu aliyebeba bangi. Aliyeyusha chumvi ya mawe kwenye ndoo, akaimimina kidogo, akangoja. Siku iliyofuata akaongeza. Hakuwahi kuvunja agizo lolote katika maisha yake ya utumishi, na alishangaa kuona kwamba usiku alilala vizuri.

Mkunga akabadilika. Utelezi ukaisha, macho yakasafika, madoa ya manjano yakang'aa kama mafuta ya mawese. Asubuhi moja Libérat alimnyoshea ndagala kwenye ncha ya kijiti, na kabla hajajua nini kimetokea, ndagala hayupo na kijiti kimekatika. Toka hapo kila mtu aliyeingia chumbani alipokelewa na mkunga akiwa nje ya bomba lake, kichwa juu, mdomo wazi, tayari kwa kazi.

Mkurugenzi alikuja kujionea, akatikisa kichwa kwa furaha iliyochanganyika na lawama.

"Unaona? Maji matamu. Alihitaji subira tu, nawe ulitaka kumwekea chumvi."

"Ni kweli, Mkurugenzi."

Habari ya mafanikio ya Kilibula ikasambaa kwenye ofisi za juu, na takwimu zake hazikuwa na doa. Tangu mkunga aanze kazi, hakuna mama hata mmoja aliyepoteza maisha katika kituo kile. Kweli, hakuna hata mmoja aliyezalia pale. Wote walikuwa nyumbani kwa Ninahazwe, juu ya mkeka, wakipeana zamu. Lakini hilo halikuulizwa. Ofisi ya jimbo ikaamua kutuma inspekta mwenyewe, Madame Murekatete, aje kuuona mfano wa Kilibula na kumvisha mkunga koti jeupe la heshima.

Clovis aliandaa mapokezi kwa mkono wake. Ua ulifagiliwa. Kwaya ikaitwa. Na ili kituo kionekane nadhifu, akatoa agizo: siku ya ugeni, wajawazito wasikaribie chumba cha kuzalia.

"Na kama mmoja akishikwa na uchungu?" Libérat akauliza.

"Mwambie asubiri hotuba iishe. Wewe utasimama mlangoni. Na yule Ninahazwe nisimwone kabisa."

Siku ya ugeni mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na ziwa lilikuwa limepanda. Madame Murekatete alifika na buti za plastiki chini ya suti nzuri, mwanamke mfupi wa maneno machache, koti jeupe amelikunja kwenye mkono. Kwaya ikaimba. Wageni wakaingizwa chumbani, Mkurugenzi akiwatangulia, na Libérat akafunga mlango, akasimama nje kama alivyoagizwa.

Hapo ndipo alipowaona. Walikuwa wanakuja wakishikana, Bernardine akiwa amejiinamia, Ninahazwe amemkumbatia kiunoni, wote wamelowa mpaka magotini.

"Fungua," Ninahazwe akasema. "Kwangu maji yameingia mpaka ku kitanda. Chupa imepasuka njiani. Mutoto iko karibu."

Libérat alikuwa na maneno tayari. Alikuwa ameyafanyia mazoezi asubuhi. "Kwa mujibu wa maagizo..." akaanza.

Bernardine akainua uso. Alikuwa na uso uleule aliokuwa nao juu ya pikipiki, barabara ya hospitali kuu, alipokuwa bado anaamini kwamba watafika.

Libérat akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Kisha akafungua mlango.

Ndani, Mkurugenzi alikuwa amefika kilele cha hotuba. Madame Inspekta alikuwa ameuliza, kwa upole sana, kama mkunga yuko likizo na huyu samaki ni wa nani. Clovis alikuwa amemweleza, kwa upole uleule, kwamba mkunga ndiye huyu.

"Huyu?"

"Mwenyewe, Mheshimiwa. Mkunga halisi, kwa Kiswahili cha vitabu. Mimi binafsi ndiye ninayemhudumia. Maji yake nayabadilisha mimi. Chakula chake namlisha kwa mkono wangu huu."

Na ili kuthibitisha, alikuwa amekunja mkono wa shati na kuning'iniza ndagala juu ya maji, kati ya vidole viwili, kama alivyoona Libérat akifanya. Isipokuwa Libérat alikuwa anatumia kijiti. Mlango ulipobamizwa, akageuza kichwa. Vidole vikashuka.

Sauti aliyoitoa ilisikika mpaka kwenye kwaya, nayo ikadhani ni ishara, ikaanza kuimba.

Mkunga hakuuma na kuachia. Si tabia yao. Aliuma akabaki ameuma, kidole cha shahada kimezama kinywani mpaka fundo la pili, na kila Mkurugenzi alipovuta, meno yaliyolala nyuma yalisimama na kushika zaidi. Clovis aliinama juu ya kioo, shavu limegusa maji, hawezi kusonga mbele wala kurudi nyuma. Wakati huohuo Bernardine alipanda kitandani pale ukutani, akashika vyuma, naye akapiga kelele.

"Bantu wote inje!" Ninahazwe akaamuru. Wageni wakatoka wakisukumana. Libérat akabaki kwa sababu mkewe alikuwa amemshika kola. Madame Inspekta akabaki kwa sababu hakuna aliyethubutu kumtoa. Aliweka koti jeupe juu ya meza na kuuliza maji safi yako wapi. Mkurugenzi akabaki kwa sababu zinazojulikana.

"Usisukume bado," Ninahazwe akasema. "Pumua."

Bernardine akapumua. Kutoka upande wa pili wa chumba ikasikika pumzi nyingine, nzito, yenye kutetemeka.

"Weye ku samaki, usivute. Ukivuta atakaza. Legeza mukono. Pumua."

"Ninapumua!" Clovis akalia. "Mama Ninahazwe, njoo unitoe!"

"Minye sina kazi hapa, shefu. Nafasi imejazwa." Hakugeuka; mikono yake ilikuwa kazini. "Mugonjwa wako minye siwezi kumugusa. Bernardine, sasa. Sukuma."

"Nakupa kazi!"

"Kazi ya nini?"

Macho ya Clovis yakamtafuta Madame Murekatete, aliyekuwa amekunja mikono ya suti na kumshikia Bernardine mguu. "Ya... mkunga."

"Mkunga ni ule. Amekushika. Sukuma, mama, sukuma, usiniangalie minye!"

"Mzalishaji!" Mkurugenzi akapiga kelele, kwa Kiswahili cha sokoni na kwa sauti ya soko, mwili mzima umelowa. "Mzalishaji! Ninakuteua mzalishaji wa Kilibula!"

"Nimesikia," akasema Madame Inspekta. "Endelea kupumua."

Kisha likaja lile ambalo Libérat, kila alipojaribu kulisimulia baadaye, alifika hapo akasimama. Mkewe alinyamaza ghafla. Chumba kizima kikanyamaza, hata Clovis, na katika kimya hicho Libérat alihesabu pikipiki zote za Uvira. Mtoto alikuwa mikononi mwa Ninahazwe, wa bluu kidogo, amefumba ngumi. Ninahazwe akamfuta uso, akamsugua mgongo kwa kitambaa, akamsugua tena.

Akalia. Alilia kwa ukali, kama mtu aliyecheleweshwa foleni bila sababu.

"Mutoto muke," Ninahazwe akasema, akamweka juu ya kifua cha mama yake. Libérat akaketi chini sakafuni, katika maji ya mvua, ya uzazi na ya ziwa, ndani ya koti lake la harusi, akalia naye.

"Na mimi?" ikauliza sauti kutoka kwenye akwariamu.

Ninahazwe alimaliza kwanza kitovu, akamaliza na kondo la nyuma, akanawa mikono taratibu. Hapo ndipo alipomfikia mgonjwa wake wa pili, akamwambia azamishe mkono, aulegeze kabisa, asiseme neno. Clovis aliweza yote isipokuwa la mwisho. Hatimaye mkunga, baada ya kutafakari, akaachia. Kidole kilikuwepo chote, ila kilikuwa kimebadilisha sura.

Madame Murekatete alimvisha Ninahazwe koti jeupe. Kisha akamgeukia Mkurugenzi, aliyekuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, mkono umefungwa kitambaa kikubwa kuliko cha mtoto.

"Bwana Itangishaka, jimbo linakushukuru. Mimi nilikuja na wasiwasi, lakini umenihakikishia kwa mdomo wako. Mkunga ni halisi. Wewe binafsi unamhudumia, unambadilishia maji, unamlisha kwa mkono wako."

"Mheshimiwa, ilikuwa ni namna ya kusema..."

"Serikali haina namna ya kusema. Mtu mwenye kazi nzito kama hiyo hawezi kuiunganisha na ukurugenzi. Nitakuondolea ukurugenzi. Chumba hiki ni cha wazazi. Mkunga atahamia kibanda cha nyuma, na wewe pamoja naye."

Hakupandisha sauti. Akachukua mwavuli wake, akampongeza Bernardine, akaondoka na buti zake.

Mkurugenzi mpya alifika kutoka Bukavu, mtu mwenye mashaka, anayesoma maneno yote mara mbili. Libérat alibaki mkuu wa biro, lakini amepata tabia mbaya ya kuuliza swali kabla ya kusema ndiyo, na haijulikani ataiacha lini. Kibao cha mlangoni kiling'olewa. Bernardine amerudi sokoni Kimanga na binti yake mgongoni.

Mkunga anaendelea vizuri kibandani. Ametajwa rasmi kuwa amemnusuru Mkurugenzi wa zamani kutoka kwenye wadhifa mzito, na afya yake sasa inafuatiliwa na jimbo: akifa, msimamizi wake ataulizwa. Kwa hiyo Clovis anampenda sana. Huchanganya chumvi kwa uangalifu, huonja kwa ulimi, hulisha kwa koleo refu. Ila maji ya tangi hayana budi kubadilishwa, na pikapu ni ya Mkurugenzi, si ya msimamizi.

Kila asubuhi utamkuta pale kwenye bomba la Kilibula, bidoni mbili za manjano mkononi, kidole kimoja kimesimama peke yake kama kinatoa hoja. Foleni huwa ndefu. Siku za mwanzo alijaribu kupita pembeni, kifua mbele, kama alivyozoea.

"Maji yako ni ya nani, baba?" akamuuliza mama mmoja mwenye mimba.

"Ni ya kazi maalumu ya jimbo. Ya mkunga."

"Ah, ya ule samaki." Akamsukuma kwa nyonga, bila chuki. "Rudia nyuma kabisa. Hapa tuko bantu."

Clovis Itangishaka akachukua bidoni zake, akarudi nyuma kabisa.